Wembe wa leza: waliocheka walicheka jambo silo

Kila unapotajwa wembe wa leza, lazima atokee mtu wa kukumbusha habari ya Skarp, na mjadala unafungwa hapo hapo. Kwa asiyeikumbuka: Septemba 2015, nchini Marekani, Morgan Gustavsson na Paul Binun walipeleka wazo lao kwenye mtandao wa kuchangisha fedha wa Kickstarter, wakaomba dola 160,000. Waliahidi wembe usio na chuma, wenye mpini, betri moja ya AAA, na mahali pa makali uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga wa leza. Katika wiki chache watu zaidi ya 20,000 walikuwa wameahidi zaidi ya dola milioni 4. Oktoba, Kickstarter ikausimamisha mradi kwa sababu kanuni zake zinadai sampuli inayofanya kazi, ilhali sampuli iliyoonyeshwa kwenye video ilikata vinyweleo vichache vya mkono, tena kwa kusuasua. Wenyewe wakahamia Indiegogo, mtandao mwingine wa aina hiyo, wakapata zaidi ya dola 400,000. Machi 2016, tarehe waliyoahidi kuanza kusambaza, ikapita bila wembe huo kufika sokoni.

Sina ugomvi na Kickstarter. Ukiomba fedha za watu kwa ajili ya kifaa, onyesha kifaa. Ninachogombana nacho ni kicheko kilichofuata, kwa kuwa kilibeba madai ambayo yameendelea kurudiwa hadi leo kana kwamba yamethibitishwa: kwamba betri haiwezi, kwamba leza haikati nywele, na kwamba wembe wa chuma hauna shida ya kutatuliwa. La kwanza lina ukweli nusu. La pili si kweli. La tatu husemwa zaidi na watu wenye ndevu zilizonyooka.

Tuanze na hilo la tatu, maana ndilo lenye uzito. Wembe unapokata unywele huuacha na ncha ya mshazari, kali. Nyembe za kisasa zenye makali mawili, matatu au matano huzidisha mambo: makali ya mbele huuvuta unywele, ya nyuma yanaukata, na kipande kilichobaki hurudi chini ya uso wa ngozi. Unywele ulionyooka hutoka tena palepale. Unywele wa kipilipili hujikunja ukiwa bado ndani, au hutoka kidogo kisha ukageuka na kuichoma ngozi upya, na mwili hupambana nao kama unavyopambana na mwiba. Yanayofuata anayajua kila aliyewahi kukaa kwenye kiti cha kinyozi, awe Kariakoo au Kawangware: vipele vya shingoni na chini ya taya, muwasho, usaha, madoa meusi yanayodumu miezi, na kwa wengine makovu yanayovimba. Ndiyo maana mteja hujiwahi mapema: "Hapa shingoni usishushe sana, kaka, nina vipele." Na kinyozi anayejua kazi yake huinua mashine bila kuuliza zaidi.

Madaktari wanauita ugonjwa huu pseudofolliculitis barbae. Takwimu inayotajwa mara nyingi katika maandiko ya tiba ya Marekani ni kwamba huwapata kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume weusi wanaonyoa. Nimeitafakari sana takwimu hiyo. Pengo lake ni kubwa mno, na msomaji mwenye shaka ana haki ya kuuliza ni wanaume gani waliohesabiwa, maana askari anayelazimishwa kunyoa kila alfajiri si sawa na raia anayeweza kuziacha ndevu siku nne. Basi chukua ile ya chini, 45. Hata hiyo ina maana kwamba karibu mwanaume mmoja kati ya kila wawili wa kundi hilo anadhuriwa na kifaa cha kawaida kabisa cha bafuni, kila anapokitumia jinsi maelekezo yanavyosema. Kama kiatu kingewatoa malengelenge asilimia 45 ya wavaaji wa nchi nzima, nani angesema teknolojia ya viatu imekamilika? Na ukichukua ile ya juu, 83, mwenye ngozi isiyo na vipele ndiye anayekuwa kioja.

Si suala la urembo peke yake. Mwaka 1993 mahakama mbili za rufaa za shirikisho nchini Marekani zilitoa hukumu zilizopishana. Moja iliona kwamba kanuni ya kutofuga ndevu kwenye kampuni yenye maduka ya piza ya Domino's huko Nebraska iliwabagua wanaume weusi kwa sababu ya ugonjwa huu. Nyingine iliwakatalia wazimamoto wa Atlanta waliotaka kubaki na ndevu fupi, kwa hoja kwamba barakoa ya hewa haikazi vizuri usoni penye ndevu. Hukumu zote mbili zinaeleweka, na hapo ndipo penye ugumu: mzimamoto hana chaguo la tatu. Mwaka 2025 jeshi la Marine Corps likatoa mwongozo unaoweza kumfanya askari aondolewe kazini iwapo hali hii haitapona baada ya mwaka mmoja wa matibabu. Mtu anapoteza ajira kwa sababu ya umbo la unywele wake.

Sasa fikiria kifaa kinachokata unywele juu kidogo ya ngozi, hakiuvuti, na huacha ncha iliyoyeyuka badala ya ncha kali. Hakichubui, kwa hiyo hakitoi damu, na kisichotoa damu hakihamishi damu ya mteja mmoja kwenda kwa mwingine. Kwa anayenyoa watu kumi kwa siku, faida hiyo peke yake ni kubwa.

Je, mwanga unaweza kukata unywele? Hili lilijibiwa zamani. Mwaka 1981, katika maabara ya IBM huko Yorktown Heights, jimbo la New York, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum walijaribu leza ya mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193 juu ya mabaki ya nyama ya bata mzinga wa sikukuu. Iliondoa tishu bila kuchoma pembeni. Baadaye IBM ikatoa picha ya hadubini ya unywele wa binadamu uliochongwa mifereji ya mraba, safi. Kutokana na kazi hiyo tukapata upasuaji wa macho wa LASIK. Leza inakata unywele, tena kwa unadhifu ambao hakuna chuma kinachoufikia. Kilichobaki ni ukubwa wa mtambo, maana ule hauingii bafuni.

Kuhusu betri, hesabu yenyewe si ngumu, na nashangaa kwa nini wachekaji wengi hawakuifanya. Unywele wa ndevu una upana wa karibu milimita 0.1. Kuukata kwa kuondoa kipande cha urefu huohuo ni kuondoa takriban sehemu moja ya milioni ya gramu. Kukigeuza kipande hicho kuwa mvuke, tukikadiria kama tunachemsha maji mpaka yakauke, ni nishati ya milijouli 3 hivi, yaani sehemu tatu za elfu za jouli moja. Ndevu 15,000 zinahitaji jouli 45. Betri ya AAA ya alkali ina jouli 4,500 hivi. Hata kama robo tu ya umeme inageuka kuwa mwanga, na nusu ya mwanga huo unapotea njiani, unatumia jouli 360 kila unaponyoa, yaani betri moja inatosha kwa siku 12. Skarp walisema mwezi. Walizidisha, ila si kwa mara elfu.

Penye tatizo ni kasi. Makali ya sentimita 4 yakitembea sentimita 2 kwa sekunde, kwenye uso wenye nywele 40 kwa kila sentimita ya mraba, yanakutana na nywele 320 kila sekunde. Hiyo inadai karibu wati 1 ya mwanga, sawa na wati 8 za umeme, na betri ya AAA hutoa wati 1 hivi kwa shida. Kwa hiyo video ya vinyweleo vichache vikikatika polepole haikuthibitisha utapeli. Ilionyesha kile hasa ambacho betri hiyo ingeweza kufanya. Weka betri ya lithiamu kama ya simu, na ugumu huo unapungua sana. Waliochagua AAA walichagua tangazo zuri badala ya kifaa kizuri, na hilo ni kosa lao.

Ila hesabu hiyohiyo ndiyo inayowapa wapinzani silaha yao kali kuliko zote. Leza ya zaidi ya wati 0.5 iko daraja la 4, daraja la juu kabisa la hatari, na unaipitisha sentimita chache kutoka kwenye jicho.

Watetezi watajibu kwamba mwanga haurushwi hewani, unabaki ndani ya uzi. Ni kweli kwa kiasi fulani. Kila kitu kinachopitisha mwanga kina kipimo cha jinsi kinavyoupinda: hewa ni 1, kioo cha silika ni kama 1.46, unywele ni kama 1.55. Uzi ukizungukwa na hewa, mwanga haupati pa kutokea; ukigusa unywele, unapata mlango pale palipoguswa tu. Ni wazo zuri sana, na ninalipenda. Lakini tabaka la juu la ngozi nalo lina kipimo kinachokaribia 1.5, na mafuta ya nazi ni 1.45. Uso wenye jasho na mafuta unaweza kufungua mlango uleule. Kwa hiyo uzi lazima usiguse ngozi hata kidogo, kwenye taya, kwenye koromeo, kwenye mkono unaotetemeka.

Kuna suala lingine ambalo huniuma kulisema, kwa kuwa linawagusa walewale niliowatetea. Leza ndogo za bei nafuu hutoa mwanga unaonyonywa hasa na melanini, ile rangi nyeusi ya asili ya nywele na ngozi. Unywele mweusi unakatika vizuri, mvi hazina cha kuunyonya. Gustavsson, ambaye kazi yake ya tangu 1989 ilikuwa kwenye mwanga wa kuondolea nywele, alidai wamegundua molekuli iliyomo katika kila unywele, wa rangi yoyote, inayokatika kwa mwanga wa rangi fulani. Ushahidi wa wazi haukufuata. Na ngozi nyeusi ina melanini ileile. Mwenye vipele vingi zaidi ndiye mwenye ngozi inayoweza kuungua upesi zaidi. Kliniki za ngozi hulikwepa hilo kwa leza ya Nd:YAG ya nanomita 1,064, ambapo melanini hunyonya kidogo, na tayari wanaitumia kutibu vipele hivi kwa kuua shina la unywele. Ila si kila mtu anataka shina life. Kuna anayetaka ndevu zake ziwepo, za dini au za heshima, zipunguzwe tu. Ukihamia mawimbi yanayonyonywa na kila unywele, kama nanomita 10,600 za leza ya kaboni dioksidi, uzi wa kawaida wa kioo hauupitishi mwanga huo.

Moshi nao si utani wa harufu tu. Utafiti uliochapishwa 2016 katika jarida la JAMA Dermatology ulipima moshi wa nywele zinazounguzwa na leza kliniki ukakuta kemikali 377, kati yake 13 zinazojulikana au kushukiwa kusababisha saratani. Kinyozi angeuvuta kutwa nzima. Na masizi yakiugandia uzi, mwanga huanza kuunguza masizi badala ya unywele.

Bado nasema mshindani mgumu wa leza si wembe. Ni mashine ya kawaida ya kinyozi, ile inayoacha nusu milimita, isiyochokoza vipele sana, na inayofutwa kwa spiriti kati ya mteja na mteja. Ipo kila mtaa na fundi wa kuitengeneza yupo. Upo pia unga wa kunyolea, unaoyeyusha unywele na kunuka mayai viza, unaotumiwa na wengi wenye vipele licha ya kuunguza ngozi ukiachwa dakika kadhaa zaidi. Leza italazimika kukata karibu zaidi kuliko mashine na kwa upole zaidi kuliko unga, kwa bei ambayo mtu anaweza kuifikiria. Kwa mzimamoto wa Atlanta au askari wa Marine, ukaribu huo una thamani ya mshahara mzima. Kwa wengi wetu, nusu milimita inatosha.

Kwa maoni yangu kazi hii iendelee, lakini maabara na kliniki, si kwenye matangazo ya kuchangisha. Anayedai ameiweza asinionyeshe vinyweleo vilivyonyooka vya mkono mweupe. Achague shingo nyeusi ya mtu mwenye ndevu za kipilipili zenye mvi mbili tatu, aipake mafuta kidogo, anyoe sentimita moja ya mraba kwa sekunde mbili, arekodi bila kukatiza video, na ampige mtu huyohuyo picha ya shingo baada ya wiki tatu.