Pomboo Walishinda Wakiwa Wamelala

Najua ile sauti ya WhatsApp, inayosema eti nimelia barazani kwa ajili ya timu yangu ya raga, imeshawafikia. Rafiki yangu, muuza vikoi, mdomo wake hauna komeo. Ameirusha mpaka Matondoni. Basi sikilizeni na yangu, maana yake ina chumvi. Sikulia. Ulikuwa moshi wa seredani ya kahawa.

Siku hizi nafuatilia raga ya Australia, ile ya wachezaji 13. Timu yangu Dolphins. Mtu wa Lamu asiposhabikia pomboo ashabikie nani? Sasa juzi nachungulia msimamo wa ligi kwenye simu: pomboo wameongeza pointi mbili. Pointi mbili si ushindi? Mbio hadi barazani Mkunguni, uwanja wetu wa mjini, nikaagizia baraza zima kahawa na halua.

"Ehe, mechi ilikuwaje?" mtu akauliza.

Jamani, ningesema sikuitazama! Ulimi ukakataa. Nikawapa kipindi cha kwanza, cha pili, dakika ya mwisho tuko nyuma kwa pointi nne, mpira umetoka nje. Nikamwita mpwa wangu, nikamshika mapaja, nikamnyanyua juu kama Shujaa, timu yetu ya Kenya ya raga ya wachezaji saba, wanavyonyanyuana kudaka mpira wa pembeni. Mtoto yuko hewani, kofia yake imetumbukia kikombeni mwa mtu, nami napiga ukelele: "Kadaka! Kakimbia! Kaugusisha mpira chini nyuma ya mstari wao, trai! Pointi tano!"

Makofi. Ila ami mmoja, baharia wa zamani aliyewahi kuishi Sydney, hakupiga. Akaweka kikombe chini. Akafuta sharubu, upande huu, kisha ule. Mpwa bado yuko juu.

"Mwanangu, kwenye raga ile trai ni pointi nne."

"Naam, ami."

"Basi mmetoka sare."

"Naam."

"Na kunyanyuana huko hakuna."

Mikono imeanza kunitetemeka.

"Halafu Dolphins wiki hii hawakucheza."

Kumbe ligi ina timu 17, hazigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo kila raundi kuna inayokaa nje, na inayokaa nje hupewa pointi mbili za bure. Nyie mlijua? Mbona hamkuniambia?

Mpwa nikamteremsha, halua nikalipa, nyumbani nikapitia vichochoro vya nyuma. Watoto wa mtaa wananiuliza kama pomboo wameamka.

Ami kanihurumia, kanipa ratiba: msimu huanza Machi, fainali ni mwanzoni mwa Oktoba, na amenialika tuitazame kwake. Mpwa amekataa kuja.