Mwindaji bingwa: mshauri wa mgeni au kibarua wake?

Walter Palmer, daktari wa meno kutoka Marekani, alipomuua simba Cecil nje kidogo ya Hifadhi ya Hwange nchini Zimbabwe mwezi Julai 2015, utetezi wake ulikuwa mfupi: aliwategemea waongozaji wake wenyeji, watu wenye utaalamu, wahakikishe kuwa uwindaji ule ni halali. Mamlaka za Zimbabwe zilisema shamba alimouawa halikuwa na mgawo, yaani idadi ya simba wanaoruhusiwa kuwindwa, mwaka huo. Oktoba serikali ileile ikatangaza kwamba karatasi za Palmer hazikuwa na tatizo, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikamfutia mashtaka mwindaji aliyemwongoza. Simba amekufa, ushauri ulitolewa na kulipiwa, na wa kuwajibika hayupo.

Tangu hapo, kila mjadala wa uwindaji wa kitalii unapopamba moto, mtaalamu anayemwongoza mgeni huonekana kama wakili wa tajiri mwenye bunduki, mtu wa kukodiwa ili kuhalalisha damu. Shutuma hiyo ina ukweli ndani yake na nitaufikia. Ila wanaoitoa wengi wao wanaijua kazi hii kwa picha za watu waliopiga magoti nyuma ya mzoga, na kinachofanyika kabla ya picha hawakijui.

Sheria ya Tanzania haimpi mgeni nafasi ya kujiongoza. Lazima awe na mwindaji bingwa, yaani mtaalamu huyo wa kumwongoza, mwenye leseni, na askari wanyamapori afuatane nao porini akiangalia kibali na kinachopigwa. Nyati, simba na tembo hawapigwi kwa bunduki yenye kaliba (kipenyo cha risasi kwa inchi) iliyo chini ya .375. Mnyama akijeruhiwa akatokomea, anahesabiwa kuwa ameuawa na ada yake inalipwa. Kwa hiyo swali la kama ushauri unahitajika limeshajibiwa na sheria. Linalobaki ni ubora wa ushauri wenyewe, na hapo simba ndiye kipimo kikali kuliko wote.

Nyara ya simba dume hapa nchini inatakiwa iwe ya mnyama mwenye umri wa miaka sita au zaidi. Namba hiyo haikuokotwa. Mwaka 2004 Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao walichapisha utafiti katika jarida la Nature, uliotokana na kumbukumbu za miaka mingi za simba wa kaskazini mwa Tanzania. Walionyesha kwamba uwindaji ukigusa tu madume waliofika miaka mitano au sita, kundi linaweza kuendelea bila kuporomoka. Sababu iko kwenye malezi. Dume huanza kutawala kundi la majike akiwa na miaka kama minne, na watoto wake wanahitaji karibu miaka miwili mpaka waweze kujitegemea. Akiuawa mapema, madume wageni wanaingia na kuwaua watoto ili majike warudi kwenye joto. Risasi moja kwa dume wa miaka minne inaweza kuondoka na uzao mzima. Risasi hiyohiyo kwa mzee wa miaka minane, aliyekwisha kufukuzwa kundini na anayetembea peke yake, haigusi mtoto hata mmoja.

Basi fikiria alfajiri kwenye kibanda cha majani. Paja la nyati limetundikwa mtini kama chambo, na simba yuko chini yake, mwanga bado haujakamilika. Mgeni ameona manyoya makubwa meusi, na kwake hiyo ndiyo nyara. Mwindaji bingwa hana haja na manyoya, maana hustawi au kupungua kwa joto la mahali na kwa miiba. Anatafuta pua. Pua ya simba kijana ni ya waridi, kisha madoa meusi yanaongezeka mwaka hadi mwaka mpaka yanapita nusu. Anaangalia makovu ya uso, meno yaliyochakaa au kuvunjika, tumbo lililolegea. Ana dakika chache, darubini, na pembeni yake mtu aliyelipa makumi ya maelfu ya dola kwa safari ya siku 21, akinong'ona, “Nipige?” Kukosea umri wake kwa miaka miwili hapo ni rahisi mno, hata kwa mjuzi. Ukitaka kujua thamani ya mtaalamu, iko kwenye neno “hapana” analosema dakika ile.

Kwa nyati hesabu ni nyingine. Msoma nyayo anatikisa kitambaa cha majivu kuangalia upepo, na upepo ukigeuka msafara mzima unarudi nyuma, mgeni atake asitake. Nyati akijeruhiwa na kuingia kichakani, anayetangulia kumfuata ni mwindaji bingwa na wasoma nyayo wake. Watu hawa wa mbele wanatajwa mara chache sana kwenye mijadala yetu, ingawa mara nyingi ndio wenye utaalamu wenyewe. Bingwa mwenye busara huwasikiliza kabla ya kumsikiliza mgeni.

Kuna pia ushauri wa mezani, usio na mvuto lakini unaouma ukikosekana. Aprili 2014 Marekani ilisimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania na Zimbabwe. Anayeuza safari na asimweleze mteja kwamba kibali cha kuwinda huku si kibali cha kuingiza pembe kule, amemuuzia nusu ya habari. Mambo madogo nayo yana mahali pake: mgeni asiyeambiwa asivae bluu wala nyeusi atawajua ndorobo, wale mbung'o wanaouma, siku ya kwanza.

Sasa shutuma. Mwindaji bingwa anaajiriwa na kampuni yenye kitalu, yaani eneo la kuwindia, kampuni inalipwa na mgeni, na bakshishi ya mwisho inategemea furaha ya mgeni huyo. Wakala aliyemshauri kule ughaibuni naye anakula kamisheni ya kampuni. Mnyororo mzima unalipwa ili jibu liwe “ndiyo”. Askari wanyamapori ndiye pekee asiye wa kampuni, naye anakaa kambini humohumo, anapanda gari la kampuni, anakula chakula cha kampuni. Hakuna haja ya rushwa ili macho yalegee.

Na hata ushauri safi kisheria unaweza kuwa mbaya. Kuanzia Septemba 2023 madume kadhaa wa tembo wenye pembe kubwa, wa kundi la tembo wanaofuatiliwa na watafiti wa Amboseli nchini Kenya, waliuawa upande wa Tanzania karibu na mpaka, eneo la Enduimet. Kibali kilikuwepo. Lakini tembo wale walikuwa wakivuka mpaka huo huku wakifuatiliwa kwa miongo kadhaa, huko Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, na kulikuwa na maelewano ya miaka ya tisini kwamba eneo lile lisiguswe. Mshauri anayejua vifungu tu, asijue majirani, alimwongoza mteja wake hadi kwenye hasira ya nchi nzima.

Sioni kwamba haya yanamfukuza mtaalamu. Yanaonyesha kwamba ushauri unaotolewa baada ya malipo tayari umeshapinda, kwa hiyo mgeni autafute kabla. Asimtegemee wakala peke yake: azungumze moja kwa moja na mwindaji atakayemwongoza, aulize TAWA, mamlaka ya serikali inayosimamia wanyamapori, kama kitalu kile kina mgawo wa mnyama anayemtaka, aulize mkataba unasemaje asipopiga. Kampuni nazo, zikitaka kuaminiwa, zimlipe bingwa wake ujira uleule iwe nyara imepatikana au haikupatikana.

Swali moja linatosha kuanzia: msimu uliopita, wageni wangapi walikuja kwa ajili ya simba wakaondoka bila simba? Kampuni ikijibu kwa majivuno kwamba hakuna hata mmoja, ikumbukwe kwamba madume wazee hawakai kitaluni mwaka hadi mwaka wakimsubiri kila mwenye tiketi, na mteja anaweza kukisia wenyewe wanapiga simba wa umri gani.