Menyu ya Mama Ianze na Vitu Alivyonavyo

Mwezi uliopita nilimfungia mama kikompyuta cha Raspberry Pi nyuma ya TV yake, Ngamiani, Tanga, nikakiwekea Kodi, programu ya kuchezea video, muziki na picha kwenye TV. Kwenye diski nilimtilia taarabu za zamani za Black Star na Lucky Star, mikanda ya harusi zetu niliyoihamisha, na mawaidha. Nikamwonyesha mara moja, nikarudi zangu Chumbageni. Kabla ya Isha simu ikalia: "Mwanangu, nisamehe, nimeiharibu TV." Kumbe aliingia sehemu ya hali ya hewa, akakuta patupu.

Lile "nisamehe" limeniuma mpaka leo.

Watu husema wazee hawaziwezi mashine. Sikubali. Mama huyuhuyu hutuma pesa kwa simu bila kumwuliza mtu, kwa sababu simu humwuliza jambo moja, akajibu, ndipo likaja la pili. Mimi nilimtandikia zaidi ya mambo kumi kwa mpigo: filamu, redio, michezo, picha, hali ya hewa, na mengi hayakuwa na kitu ndani. Aliyezoea huyaruka tu. Mgeni huamini kila mlango una chumba, na akikuta ukuta hujiona yeye ndiye mwenye kosa.

Kodi ilianzia kwenye mashine za michezo za Xbox miaka ya mwanzo ya 2000, ikiitwa XBMC, na jina la sasa ililipata 2014. Miaka yote hiyo watu wa kujitolea wameiongezea mambo, na kila jambo lina anayelihitaji. Kupunguza pia kumewekwa: mwonekano wake wa kawaida, Estuary, ulioingia na toleo la 17 mwaka 2017, unakuruhusu kuondoa usichotaka kwenye menyu kuu, na mipangilio ina ngazi nne ili yale mazito yasimtokee asiyeyahitaji. Natamani sehemu isiyo na kitu ijifiche yenyewe mpaka kitu kiwekwe. Lakini kwa sasa kazi hiyo ni yetu sisi tunaowafungia wazazi, tena kabla ya kuwakabidhi rimoti.

Jumamosi nilirudi. Niliondoa karibu vyote, nikabakiza vipendwa, yaani orodha ya vitu unavyovichagua mwenyewe, maana hapo unaweza kubadilisha jina la kila kitu. Nikamwuliza mama mwenyewe tuviiteje. Harusi akasema "Arusi", mawaidha akayaita "Mashekhe", nikaandika vilevile. Halafu nikamfundisha kitufe cha kurudi kabla ya kingine chochote. Anayejua njia ya kutoka haogopi kuingia.

Juzi amepiga tena. "Arusi ya mdogo wako mbona siioni? Nimezipitia zote."

Kweli haikuwemo. Ule mkanda nilikuwa bado sijauhamisha.