Simu badala ya kadi kwenye ukaguzi wa eapoti: hawa wanaosita mbona hatuwasikilizi?

Shangazi yangu ana miaka 71, kitambulisho chake cha jimbo la Ohio anakifunga kwenye pindo la kanga, kifundo kidogo kigumu kama karanga, na juzi tulipokuwa kwenye foleni ya ukaguzi alikuwa anakifungua taratibu kwa kucha huku watu wanasubiri nyuma yake. Mimi nilikuwa nishapita. Nimesogeza simu kwenye kimashine, nimethibitisha, nimeangalia kamera, basi. Mdogo wangu akaninong'oneza kwamba shangazi naye angewekewa kitambulisho kwenye simu tungekuwa tushafika getini zamani, nami nikatikisa kichwa kukubali. Tangu siku ile nimelifikiria sana hili jambo na naona tulimwonea.

Ila kwanza niseme haki ya upande wa simu, manake nao unasingiziwa mengi. Kuna jamaa zetu huku Marekani wanaambizana kwamba ukitumia leseni ya kwenye simu ofisa wa TSA, wakala wa serikali unaokagua abiria wa ndege, anaishika simu yako na kuchungulia meseji na picha zako. Si kweli. Simu haitoki mkononi mwako, unaisogeza tu karibu na mashine, inakuletea orodha ya vitu vinavyoombwa, unakubali kwa uso au kidole, na taarifa zinaenda zikiwa zimefungwa. Kadi ya plastiki ukiitoa umeitoa yote, na anwani ya nyumbani kwako na urefu wako na kila kitu, anayeishika anasoma anachotaka. Afu kughushi ya simu ni kazi kweli kweli kwa sababu jimbo limeitia saini ya kidijitali ambayo mashine inaihakiki. Arizona walianza na Apple pale uwanja wa ndege wa Phoenix Sky Harbor Machi 2022, leo vituo vya ukaguzi vya viwanja zaidi ya 250 vinapokea vitambulisho vya simu, Ohio nayo imo, na tangu Novemba 2025 hata paspoti ya Marekani unaiingiza kwenye iPhone ikawa kitambulisho cha safari za ndani. Mimi naitumia na ninaipenda.

Shida yangu ni kwamba mjadala wote unaishia kwenye simu, wakati kitu kinachowasumbua wanaosita ni kile kinachofuata sekunde mbili baadaye, yaani kamera. Mashine inakupiga picha na kuilinganisha na ile iliyopo kwenye kitambulisho, na iko hivyo kwa mwenye simu na kwa mwenye plastiki pia pale penye mashine mpya. TSA wanasema ni hiari, ukikataa ofisa anakuangalia kwa macho kama zamani na hupotezi nafasi yako kwenye foleni, na picha inafutwa baada ya kulinganishwa isipokuwa wakati wa majaribio maalumu. Sina sababu ya kusema wanadanganya. Lakini Mei 2024 maseneta 14 wa vyama vyote viwili waliandika barua wakitaka teknolojia hii iwekewe mipaka, kwa hiyo wanaohoji si wazee wa kanga peke yao.

Hilo neno hiari ndo linanikaa kooni. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tunalijua vizuri. Kenya tarehe 1 Aprili 2019 Mahakama Kuu iliamuru kwamba kujiandikisha Huduma Namba, ile namba moja ya utambulisho ya serikali, kusiwe lazima, serikali isiweke siku ya mwisho wala isiwanyime watu huduma kwa sababu hiyo, amri imeandikwa na imesomwa, na bado watu walipanga foleni juani wiki nzima nzima kwa sababu kila mtu alikuwa ameshasikia kwamba usipokuwa nayo utakwama. Karatasi ilisema hiari na masikio ya watu yakasikia lazima. Hakuna aliyekuwa mjinga pale, mtu anapima hasara, akikataa na ikawa kweli ni lazima ataumia, akikubali kumbe ilikuwa hiari hajapoteza kitu cha kuonekana, basi anakubali.

Sasa mlete mtu wa namna hiyo mbele ya ofisa mwenye sare, kwenye nchi ambayo si ya kuzaliwa, foleni nyuma, na kibao cha kusema unaweza kukataa kipo pale pembeni ila ni kwa Kiingereza. Shangazi alivuta mtandio nyuma kidogo, akasimama wima kama anapigwa picha ya paspoti studio, hakupumua mpaka ikaisha. Tulipokaa getini ndo nikamwambia kwamba pale ungeweza kukataa. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, mbona hukuniambia?" Sikuwa na jibu. Kibao nilikiona, nilikisoma, sikumsomea, nilikuwa na haraka ya kupita.

Kuna jambo jingine ambalo nalirudia kila nikiongea na watu kuhusu hili na naona halieleweki. Desemba 2019 taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ilitoa ripoti baada ya kupima programu 189 za kutambua nyuso kutoka kwa watengenezaji 99, kwa picha zaidi ya milioni 18. Walipolinganisha picha mbili mbili, kama inavyofanyika pale kwenye ukaguzi, programu nyingi zilikosea kwa Waasia na Wamarekani weusi mara 10 mpaka mara 100 kuliko kwa weupe, na kwenye picha nzuri za maombi ya viza na uhamiaji waliokosewa zaidi walikuwemo watu wa Afrika Mashariki. Soma tena hapo, Afrika Mashariki, imetajwa, sisi hasa. Watu wakisikia wanadhani maana yake ni kwamba mashine itakukataa ukashindwa kusafiri, kumbe kosa linalozungumziwa hapo ni kinyume, ni mashine kumwona mtu mwingine ikasema huyu ni wewe. Yaani aliyeokota kadi ya shangazi, akiwa mama wa makamo hayo na sura ya kwetu, ana nafasi kubwa zaidi ya kupita kwa jina lake kuliko aliyeokota kadi ya bibi wa Kipolandi. Ulinzi unaosifiwa ni mwembamba zaidi hasa kwetu. Na lile kosa la kukataliwa nalo lipo, kwenye picha za mipakani zisizo nzuri sana lilionekana zaidi kwa waliozaliwa Afrika na Karibiani, na likazidi kwa wenye umri mkubwa. Miaka 71.

Najua nitaambiwa 2019 ni zamani. Sawa, programu zimeendelea, na hata kwenye ripoti ile ile zilikuwepo ambazo tofauti zake zilikuwa ndogo sana, kwa hiyo swali ni ipi imewekwa kwenye mashine gani. Tena ofisa yupo, mashine ikishindwa anaangalia yeye. Hiyo nakubali kabisa, na ndo sababu nataka yule ofisa abaki na kadi ya plastiki ibaki, manake zikiondoka hizo mbili hakuna pa kukatia rufaa.

Zitaondoka? Leo hapana, TSA wenyewe wanamwambia mwenye simu abebe na kadi pia, na wana sababu, betri inaisha, na Florida Julai 2024 waliisitisha programu yao ya leseni ya kwenye simu. Lakini angalia mwelekeo. Sheria ya REAL ID, inayotaka kitambulisho cha jimbo kifikie viwango vya serikali kuu ndo kikubalike kwenye ndege, ilipitishwa 2005, ikaahirishwa na kuahirishwa, ikaanza kusimamiwa tarehe 7 Mei 2025, na kuanzia Februari 2026 asiye na kitambulisho cha namna hiyo wala kingine kinachokubalika analipa dola 45 ili wamhakiki, na hiyo inamfaa siku 10 tu. Paspoti na grini kadi bado zinakubalika, tusitishane. Ninachosema ni kwamba kitu kilichoahirishwa miaka 20 watu walishazoea kukisahau, afu siku moja kikawa na bei. Foleni ya wenye simu ikishakuwa ndo foleni ya kawaida, mwenye kadi ataonekana anachelewesha, kama sisi wawili tulivyomwona shangazi, na hatukuhitaji sheria yoyote kutufundisha kumwona hivyo. Tena yeye hata akitaka, paspoti yake ni ya Tanzania, haiingii kwenye simu, amebaki na njia moja tu ya kitambulisho cha jimbo, na simu yake ni ya batani.

Desemba anakwenda Minneapolis kwenye harusi, peke yake, mimi sipati likizo. Jumapili tumekaa jikoni nimemwandikia kwa herufi kubwa sentensi moja ya Kiingereza ya kumwambia ofisa kwamba hataki picha, tumeisoma mara nyingi mpaka ulimi umelainika. Alipomaliza akakunja kile kikaratasi mara nne, akakiweka pamoja na kadi, akafunga pindo. Hajasema kama atakisoma.