Yale Hayakuwa Machozi

Naandika haya kwa sababu klipu imeshazunguka, na aliyeitia maneno ni bwana harusi mwenyewe, rafiki yangu wa kufa na kuzikana: "Shahidi wangu kashindwa kujizuia." Sekunde 14. Mnaniona nainama kusaini, mabega yanatetemeka, kisha maji yanatiririka kutoka usoni hadi kwenye karatasi. Nanyi watu wa humu mkaelewa mlivyotaka kuelewa. Eti nilikuwa nampenda shemeji tangu zamani. Kuna mmoja kanitumia hadi ujumbe wa pole.

Jamani, yale hayakuwa machozi. Yalitoka puani. Najua nimejivua nguo nyingine, ila bora nichekwe kwa kosa langu kuliko kwa kosa la kutungiwa.

Ilikuwa wiki ya tano nakohoa. Mafua yalikwisha ndani ya siku kumi, kikohozi kikabaki kama mgeni aliyeaga akakaa tena. Mchana kinavumilika, usiku nikilala chali tu, kinaanza. Nilishamaliza chupa mbili za dawa ya maji, nikajipaka menthol kifuani hadi shuka zikanuka, nikajifukiza juu ya beseni hadi ncha ya pua ikababuka. (Wenye watoto, hilo la beseni liacheni. Maji yakimwagika, mtabadilisha kikohozi kwa kidonda cha moto.) Kilichonipa usingizi kidogo ni asali, vijiko viwili vya chai kabla ya kulala. Inatuliza koo, lakini haiondoi kinacholikwaruza. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka haipewi hata ya kulamba, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyotengeneza sumu tumboni mwake.

Nikaenda kwa daktari nimeshika kifua kwa mikono miwili, tamthilia kamili. Kwanza makohozi yakapimwa kifua kikuu, maana kikohozi cha wiki mbili na zaidi hakibahatishwi. Hakuna. Natema damu? Napungua? Natokwa jasho usiku? Hapana. Nameza vidonge vya presha, hasa vile vinavyoishia na "pril", kama enalapril na lisinopril? Hivyo vinaweza kumkohoza mtu kikavu miezi na miezi akidhani karogwa. (Unayemeza, usiache kienyeji. Mwambie aliyekuandikia, zipo aina nyingine.) Hapana. Kiungulia? Kifua kupiga filimbi? Hapana. Akanimulika kooni kwa tochi, akaguna. Nyuma ya koo pana vinundu kama barabara ya kokoto, na ute unateremka polepole kutoka juu.

"Wewe hukohoi kifua," akasema. "Unakohoa pua."

Wiki tano nzima nilikuwa napeleka dawa nyumba ya jirani.

Akaniandikia dawa ya kupuliza puani, akasema nisitarajie muujiza siku ya pili, wiki mbili ndipo nimwambie. Na kila kabla ya kupuliza, nisafishe pua kwa maji ya chumvi. Hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu kitu chenyewe kinafanya kazi, aliyeshindwa ni mimi. Maji yachemshwe kwelikweli, dakika tatu hadi tano, kisha yapoe hadi vuguvugu. Maji ya bomba hivihivi, hata yakiwa yanafaa kunywewa, hayafai kupandishwa puani: kuna amiba, adimu lakini muuaji, ambaye tumboni hana la kufanya ila kupitia puani anaweza kufika kwenye ubongo. Mililita 240, nusu kijiko cha chai cha chumvi laini, kisichojaa, isiyotiwa madini joto. Unainamia sinki, kichwa unakilaza upande, mdomo wazi, unapumua kwa mdomo. Unabinya chupa kwenye tundu la juu, maji yanatokea tundu la chini. Humezi, huongei, huchekeshwi.

Mara ya kwanza nilisahau chumvi. Nilihisi kama nimepigwa kofi kwa ndani. Maji matupu yana chumvi pungufu kuliko mwili, basi utando wa pua unayanyonya, unavimba, na unakulaani. Ukiweka chumvi kwa kipimo husikii uchungu hata kidogo. Kufikia siku ya nne nilikuwa nalala saa sita mfululizo, nikaanza kujiona mtaalamu.

Hapo ndipo palipoharibika.

Asubuhi ya harusi kikohozi kilirudi kidogo. Nikawaza: je, nikibanja wakati wanaapa? Shughuli ni saa nne. Saa tatu na nusu nikasafisha pua. Na kwa kuwa nilikuwa mtaalamu, nikaongeza chupa ya pili, ya akiba. Suti, viatu, mbio.

Nilichoruka ni hatua ya mwisho. Ukimaliza unapenga taratibu, tundu mojamoja bila kuziba yote mawili, la sivyo maji yanasukumwa masikioni. Kisha unainama kichwa kielekee magotini, unakigeuza kushoto, unakigeuza kulia, unarudia. Sababu ni kwamba ndani ya mashavu kuna mapango, na mlango wa kila pango uko juu, hauko chini. Maji yakiingia humo na wewe umesimama wima, yanatulia tuli kama yaliyo mtungini. Hayakuwashi, huyajui. Yanangoja uinamishe mtungi.

Nilikaa wima dakika arobaini. Sikukohoa hata mara moja. Nilijisifu moyoni.

"Shahidi," akaita msajili.

Nikasogea mezani. Nikashika kalamu. Saini ya shemeji ilikuwa bado mbichi, wino wa buluu unang'aa. Nikainama. Nikaandika herufi ya kwanza, nikasikia kitu kimehama nyuma ya shavu la kulia, polepole, kama mtu anageuka kitandani. Herufi ya pili, joto kwenye ncha ya pua. Nikavuta kamasi ndani. Kosa! Kuvuta kukagusa koo, koo likataka kukohoa, nikalizuia, ndiyo mabega hayo mnayoyaona kwenye klipu. Tone la kwanza likaanguka pembeni ya karatasi, nikalifunika kwa kiganja. La pili likatua juu ya jina la shemeji. Halafu hapakuwa na tone tena, kulikuwa na bomba. Nyuzi mbili za maji safi, moja kila tundu, na wino wa buluu unaogelea kuelekea kwa bwana harusi.

Ukumbi kimya.

"Jikaze, mwanangu," msajili akanong'ona, mkono begani kwangu. "Mapenzi ndivyo yalivyo."

Nikafungua mdomo nieleze ni pua, kikatoka kile kikohozi nilichokifungia asubuhi nzima, na kwa mbali kikohozi cha namna ile kinafanana sana na kwikwi. Shemeji, Mungu ambariki, akanipa kitambaa chake. Mama mmoja mstari wa mbele naye akaanza kulia.

Fomu nyingine ikajazwa, tukasaini upya, mimi nikiwa nimechuchumaa ili kichwa kibaki wima. Picha tulipiga. Chakula nilikula. Kikohozi kiliisha wiki ya tatu ya dawa, na sasa naosha pua jioni tu, nikiwa sitoki tena.

Kilichobaki ni kitambaa cha shemeji. Nimekifua mara tatu na kukipiga pasi, kina herufi za jina lake pembeni. Kila nikifikiria kukirudisha, naiona klipu ya pili.