Maua ya shaba na vinundu vya baharini

Sisi wa Lubumbashi bahari tunaijua kwa tomsoni, samaki anayetufikia akiwa ameganda barafu, ndani ya lori lililopita mpaka wa Kasumbalesa. Lakini uko mjadala wa chini kabisa ya bahari ambamo jina letu halikosi kutajwa. Katika Pasifiki, kati ya Hawaii na Meksiko, kwenye kina cha mita 4,000 hadi 6,000, sakafu imetapakaa vinundu vya ukubwa wa kiazi vyenye manganizi, nikeli, shaba na kobalti, madini ya kutengenezea betri. Kampuni zinazotaka kuviokota zina neno ambalo haliwaishi mdomoni: afadhali huko kuliko Kongo.

Neno hilo silikebehi. Aliyefika mtaa wa Kasulo, katika mji wa machimbo wa Kolwezi, anaelewa. Mwaka 2014 watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao wakaanza kuchimba uani na hata vyumbani. Miaka mitatu baadaye sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na familia zikahamishwa. Kule baharini hakuna mtaa wa kuhamisha wala mtoto wa kutambaa shimoni. Kinundu chenyewe hakihitaji hata sururu. Kimelala juu ya tope, mashine inapita na kukifyonza.

Tatizo ni kwamba kinundu kina wapangaji. Eneo lote lile ni tope laini, kwa hiyo sifongo, matumbawe na anemoni wanaohitaji kitu kigumu cha kujishikia hukaa juu ya vinundu. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2023 yanataja spishi za wanyama zipatazo 5,600 katika ukanda huo, na karibu tisa katika kila kumi bado sayansi haijazipa jina. Kinundu hukua milimita chache katika miaka milioni. Ukikiokota, umechukua mpangaji pamoja na nyumba, na nyumba nyingine haijengwi leo wala kesho.

Jibu la sheria ni maeneo tengefu. Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaika, ilitenga maeneo tisa mwaka 2012, ikaongeza manne mwaka 2021. Jumla ni kilomita za mraba karibu milioni 2, pungufu kidogo tu ya Kongo nzima. Kwa hesabu hiyo mtu angepumua.

Mimi sipumui, na sababu naiona huku kwetu. Vilima vya shaba vya Katanga vina mimea ambayo mingine haioti popote pengine duniani. Mmea wa Haumaniastrum katangense hupenda udongo wenye shaba kiasi kwamba wanaakiolojia waliutumia kutafuta mahali wahenga walipoyeyushia madini. Mmea mwingine umeitwa Crotalaria cobalticola, kwa jina la kobalti yenyewe. Sasa jaribu kuihifadhi mimea hiyo kwa kuzungushia uzio kilima cha jirani kisicho na shaba. Utakuwa na hifadhi nzuri, yenye majani mengi, na ua la shaba litakuwa limekwisha. Kule Pasifiki maeneo tengefu mengi yalisukumwa pembezoni, kwa kuwa katikati, kwenye vinundu vingi, mikataba ya utafutaji ilikuwa imeshagawanywa. Ukubwa upo. Swali ni kama ndani yake mna wale wale waliomo katikati.

Wanaotetea hifadhi nao huzidisha. Hupenda kutaja Lyme Bay, Uingereza, ambako vyombo vya kukokota sakafuni vilipigwa marufuku mwaka 2008 na viumbe wa chini wakaanza kuongezeka ndani ya miaka michache. Ni kweli, ila hayo ni maji mafupi. Kwenye Darwin Mounds, karibu mita 1,000 chini ya bahari ya Scotland, ukokotaji ulizuiwa kuanzia 2003, na miaka minane baadaye matumbawe yaliyokuwa yamevunjwa hayakuonyesha dalili ya maana ya kupona. Huko Pasifiki mashine ya majaribio ilipitishwa mwaka 1979. Watafiti walipoparudia mwaka 2023 mikwaruzo ilikuwa bado wazi. Baadhi ya viumbe wa topeni walikuwa wamerudi, lakini wakubwa wanaokaa mahali pamoja walikuwa adimu. Kwenye kina kile hifadhi haitibu kidonda. Inalinda ngozi ambayo haijachanika, basi, na ndiyo maana lazima itangulie mashine.

Hapa lazima niseme nasimama wapi. Sakafu ya bahari ikifungwa, kobalti yetu inabaki bila mshindani, na Mkatanga hawezi kujifanya msamaria katika hilo. Hata Sheria ya Bahari ya 1982 inatambua kwamba nchi maskini zinazochimba nchi kavu huenda zikaumia na zikastahili kusaidiwa. Hata hivyo Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, wakati soko halijapokea kobalti ya vinundu. Tulilijaza soko wenyewe, na betri za chuma na fosfeti zisizohitaji kobalti zinazidi kuenea. Kwa hiyo anayesema vinundu vitamtoa mtoto shimoni Kolwezi anieleze vizuri: mama yake atanunua bukari, ugali wetu, kwa pesa gani siku madini ya huku yakikosa mnunuzi?

Kwangu, mistari ya ramani haitoshi mpaka kila mkataba uwe na kipande kisichoguswa chenye vinundu vilevile, kina kilekile, na kilicho mbali na vumbi la tope linalotimuliwa na mashine. Kanuni zinadai kipande cha kulinganishia cha namna hiyo, ila anayependekeza kikae wapi ni mwenye mkataba mwenyewe. Kilima kimoja huku kwetu kingehifadhiwa hivyo, nina hakika kingekuwa kile ambacho wapimaji wamekirudisha kwa kukosa madini.