Pilau ya Pande Tatu za Kaseti

Vipindi vya mapishi vina uongo mmoja wa kudumu, nao ni vitunguu. Mpishi anavimwaga kwenye mafuta, anageuka kuzungumza na mgeni wake, akirudi vimeshakuwa vya kahawia. Dakika tano tu, anasema. Ukweli ni kwamba vitunguu viwili vikubwa vilivyokatwa vyembamba, kwenye robo kikombe ya mafuta na moto wa wastani, vinataka dakika 15 hadi 20 kufikia rangi ya pilau. Anayemwamini mpishi huongeza moto. Kingo zinaungua, katikati panabaki pabichi, na sufuria nzima inakuwa chungu.

Kilichokatwa pale na mhariri wa picha ni muda, na muda ndio mali aliyonayo mstaafu kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani. Kwa hiyo naona ni hasara kutazama mapishi tangu asubuhi hadi taarifa ya habari, kisha kuteremshia chai na mkate. Anayetoka kazini jioni na kukwama kwenye foleni ana udhuru wa kukaanga mayai. Aliyestaafu hana. Achague vyakula vya polepole: pilau ya nyama yenye mfupa, maharage ya nazi, kisamvu, makongoro.

Kipindi kitazamwe mara mbili, ya kwanza kwa raha, ya pili kwa kalamu. Andika vipimo, upana wa sufuria, na rangi ya kitu kabla hakijaongezewa kingine. Rangi ni ya kuaminika kuliko dakika zinazotajwa. Vipimo navyo vina mitego. Kikombe cha mapishi ya Marekani ni mililita 240, ilhali kikombe cha chai cha nyumbani mara nyingi ni 200 na magi inaweza kupita 300. Pima chako mara moja, ukiwekee alama, kisha utumie hicho hicho siku zote. Nyuzi 350 za oveni ya Marekani ni kama 177 za Selsiasi. Wapo wanaoisaka 350 kwenye oveni inayoishia 250, wakaizungusha swichi hadi mwisho, halafu wakalaumu unga wa keki.

Tatizo kubwa zaidi ni wingi. Watoto wameondoka, sufuria zao zimebaki. Mapishi ya watu wanane yakigawanywa kwa nne ili yawatoshe wawili, wali hutoka mbichi, na mtu hudhani amesahau kupika. Sababu ni mvuke. Mchele hunywa maji yanayokaribia ujazo wake wenyewe. Yanayozidi hupotea hewani, na kiasi kinachopotea hutegemea upana wa sufuria, mfuniko na muda, si wingi wa mchele. Mchele vikombe 4 unaweza kuiva kwa maji vikombe 5½. Kikombe kimoja katika sufuria hiyo hiyo hakitoshelezwi na robo ya maji hayo. Nunua sufuria ya sentimita 16 hadi 18 yenye mfuniko unaokaza, weka maji kikombe 1¾ kwa kila kikombe cha mchele, kisha rekebisha: mchele mpya wa msimu hutaka maji pungufu, wa zamani hutaka zaidi. Chumvi na viungo vigawanye kama kawaida. Mafuta usiyagawe kwa nne, kwani vitunguu vikikosa mafuta vinashika chini kabla havijageuka rangi.

Sasa pilau ya watu wawili. Nyama ya ng'ombe yenye mfupa gramu 350, mchele kikombe 1, vitunguu 2, kiazi 1 kikubwa, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa kijiko kikubwa 1. Bizari nzima kijiko 1 cha chai, pilipili manga nusu kijiko, iliki 4, karafuu 3, kijiti cha mdalasini. Chemsha nyama na nusu ya tangawizi na saumu, kwa moto unaotokota taratibu, kama saa moja na nusu. Moto mkali hauharakishi kitu. Unakaza nyama na kukausha supu.

Saa moja na nusu hiyo ni pande tatu za kaseti ya C60, dakika 30 kila upande. Hapa ndipo muziki unapoacha kuwa pambo. Redio kaseti hufyatuka yenyewe mkanda unapokwisha, na ule mlio ndio kengele: simama, geuza kaseti, onja supu, ongeza maji ya moto kama yameshuka chini ya nyama. Vitunguu ni nyimbo tatu hivi za dansi, kwa sababu nyingi zilizorekodiwa Redio Tanzania hupita dakika 5: beti huimbwa kwa utulivu, kisha ngoma inaingia kwenye chemko na magitaa yanachukua usukani. Santuri ndogo hazifai kwa kazi hii. Wimbo mmoja umegawanywa pande mbili na utageuza hadi uchoke.

Kila rika lina zilipendwa zake. Aliyetimiza miaka 60 mwaka 2025 alikuwa na miaka 20 mwaka 1985, wakati bendi ya Mlimani Park, maarufu kama Sikinde, iliyoundwa 1978, ikishindana na JUWATA Jazz, bendi ile iliyoanza 1964 kama NUTA Jazz na inayojulikana leo kama Msondo. Mwenye miaka 80 atataka kurudi nyuma, kwa Salum Abdallah na Cuban Marimba, au Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz. Kwa aliyekulia Nairobi au Mombasa, huenda Les Wanyika wakatangulia wote hao.

Kaseti iliyolala kabatini miaka mingi usiipige moja kwa moja. Ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe, maana mikunjo ya mkanda huwa imegandana. Safisha kichwa cha redio kwa kijiti cha pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti za dawa zenye mafuta huacha utando. Sauti ikiyumba kama mwimbaji amelewa, mpira wa mota umelegea, na fundi redio ataubadilisha. Kabla mkanda haujachakaa kabisa, uhamishie kwenye kompyuta kwa programu ya Audacity, ukichomeka waya kutoka tundu la hedifoni la redio. Tundu la maikrofoni la kompyuta nyingi za mapajani hupokea sauti ya spika moja tu kati ya mbili, ya kushoto na ya kulia, na huzidiwa na sauti, ndiyo maana rekodi nyingi za majumbani zinakwaruza. Kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la “line in” la stirio huondoa tatizo hilo. Na redio ikae mbali na jiko, kwani mvuke na mafuta ni adui wa mkanda.

Nyama imeiva, vitunguu vimefika rangi. Saumu na tangawizi iliyobaki iingie sasa, dakika moja tu, kwa maana saumu huungua haraka. Viungo nusu dakika, nyama, kiazi, kisha supu kikombe 1¾. Kiazi kichemke dakika 5 kabla ya mchele, la sivyo mchele utaiva kikiwa bado kigumu. Weka mchele, acha uchemke hadi supu ilingane nao, funika, punguza moto hadi mwisho.

Hapo punguza na muziki. Maji yakiwepo, sufuria inabubujika. Yakiisha inaanza kuchakacha, na chemko la Sikinde litaufunika mlio huo bila huruma. Kwa moto mdogo dakika 15, kisha 10 bila moto, mfuniko usiguswe. Mwenye masikio mazito, au anayesinzia kwenye kiti, atege na kengele ya simu.

Kuhusu chumvi, umri hupunguza ladha na harufu, mkono ukaenda kwenye kopo bila kujijua. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, yaani isizidi kijiko kimoja cha chai kwa milo yote pamoja. Vile vidonge vya supu sehemu kubwa yake ni chumvi. Pilau iliyochemshwa na mfupa haivihitaji. Ongeza ukali kwa kachumbari yenye ndimu nyingi. Ila kwenye maharage ya nazi, ndimu iingie sufuria ikishaepuliwa, vinginevyo tui linakatika. Nyanya nazo zisubiri maharage yalainike kwanza, kwani uchachu wake huyafanya yabaki magumu.

Pilau ikishika chini, usikoroge. Hamisha ya juu kwenye sufuria nyingine bila kukwangua, ifunike dakika tano. Iliyobaki baada ya mlo iingie friji ndani ya saa mbili, imetandazwa kwenye chombo kipana ipoe haraka, na kesho ipashwe mpaka ifuke mvuke. Iliyolala mezani usiku kucha ni ya kutupwa, hata kama inanukia vizuri.